Barua ya wazi kwa TAMISEMI na wakurugenzi: tuonyesheni asilimia mbili yetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Kwa wakurugenzi wa halmashauri,
Nakala kwa waheshimiwa madiwani.

Yah: Asilimia mbili ya mapato ya halmashauri, iliyotengewa mikopo ya watu wenye ulemavu, inakwenda wapi, na nani anaiangalia

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi cherehani. Polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu, mguu wa kushoto ukabaki ulivyobaki, kwa hiyo naendesha cherehani kwa mguu mmoja. Ukikitazama kibao cha kukanyagia utaona kimelika upande wa kulia tu. Ni katibu pia wa kikundi cha watu sita: wawili ni viziwi, mwenyekiti wetu haoni, mmoja ana ualbino, mmoja anatembelea baiskeli ya matairi matatu, na mimi mwenye magongo. Tunashona sare za shule. Halmashauri yetu siitaji jina, na si kwa woga. Nimezungumza na wenzangu wa wilaya nyingine, hadithi zinafanana. Nikitaja moja, zile nyingine zitashusha pumzi na kuendelea kama kawaida.

Tuliomba mkopo mwezi wa nane, tukijua tunachokifanya. Sare hushonwa Novemba na Desemba, maana shule zikifunguliwa Januari mzazi anataka vazi likiwa tayari, limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni.

Mwanzoni mwa Desemba tuliitwa uwanjani saa mbili asubuhi kukabidhiwa. Mgeni rasmi aliingia saa sita. Tukapangwa mbele ya turubai, tukapewa mfano wa hundi, ile ya mbao iliyobandikwa karatasi, ndefu kuliko mlango wa nyumba yangu. Juu yake pameandikwa jumla ya fedha za vikundi vyote, vya wanawake, vya vijana na vyetu, kwa tarakimu za kusomeka kutoka barabarani. Mwenyekiti akashika kona, akaipapasa pembeni, akaninong'oneza, "Katibu, hii ndiyo hela yenyewe?" Nikamwambia ndiyo yenyewe, tabasamu, tunapigwa picha. Picha zikapigwa. Hundi ikasukumwa kwenye buti la gari, haikuenea, ikafungwa kwa kamba, ikaondoka imechomoza kama mbao za jeneza.

Pesa ziliingia kwenye akaunti ya kikundi baada ya wiki 11. Shilingi milioni sita, mwishoni mwa Februari. Mwezi huo mzazi anayekuja kwa fundi ni yule ambaye mtoto wake kachana kaptula akipanda mwembe.

Mkataba ulitupa miezi mitatu kabla ya kuanza marejesho, na miezi hiyo haikujali kwamba msimu umeshapita. Tulianza kurejesha kwa kuuza viraka.

Fedha hizi si hisani ya mtu, naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Zamani ilikuwa maelekezo tu, asilimia tano kwa wanawake na tano kwa vijana. Sisi hatukuwa na fungu letu. Mwaka 2018 Bunge likaliingiza jambo hili kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mikopo isiwe na riba. Mapato ya ndani maana yake ni ushuru wa soko, leseni, ushuru wa mazao. Mama anayelipia meza yake ya nyanya sokoni ametuchangia sisi. Ana haki ya kujua, na sisi tuna haki ya kujua.

Sensa ya 2022 ilituhesabu asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea. Mtu anaweza kuuliza kwa nini sehemu yetu ikawa mbili. Leo siulizi. Hiyo mbili kwanza ionekane.

Tufanye hesabu ya kijiweni. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni tano za mapato ya aina hiyo, asilimia mbili ni milioni 100. Kikundi kama chetu kinapata sita. Basi pangekuwa na vikundi 16 kama sisi, au vichache vyenye mradi mkubwa zaidi, pamoja na marejesho ya miaka iliyopita ambayo nayo hukopeshwa upya. Mimi katika halmashauri yetu navijua vitano. Pengine vipo vingine nisivyovijua, na ningefurahi. Pengine fungu halikutengwa lote. Pengine lilitengwa kwenye karatasi na makusanyo hayakufika. Yote yanawezekana, na hakuna hata moja ninaloweza kulithibitisha wala kulikanusha, kwa kuwa sijawahi kuona ukuta wowote ulioandikwa namba hizo.

Nilikwenda kuuliza. Dirishani nikaambiwa hiyo ni taarifa ya ndani. Nikaandika barua nikitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka nijibiwe ndani ya siku 30. Barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala yangu ninayo, imeanza kupauka kwa jua la dirishani. Huu ni mwezi wa tano tangu igongwe. Dada wa masijala, ambaye ni muungwana, aliniambia barua "iko mezani". Meza gani, hakusema.

Mara nyingine niliambiwa kwamba kuna mwaka fungu letu lilihamishiwa kwa wengine kwa sababu "walemavu hawakujitokeza". Nikauliza walitangaziwaje. Kwa gari la matangazo, na kwa tangazo kwenye ubao wa halmashauri. Waheshimiwa, kiziwi hasikii gari la matangazo, asiyeona hasomi ubao, na ubao wenyewe uko juu ya baraza yenye ngazi sita. Waliojitokeza wangejitokeza kwa ndoto.

Sasa msije mkadhani hakuna uangalizi. Upo, na ni mkali. Uko kwetu.

Mwezi wa sita afisa maendeleo ya jamii alikuja kutukagua. Sina ugomvi naye. Ni kijana mwenye adabu, ana kata tatu mikononi na pikipiki ambayo mara nyingi haina mafuta. Alihesabu vyerehani, akayapima majora ya kitambaa kwa macho, akaomba daftari. Daftari naliandika mwenyewe kila jioni, hata uzi wa shilingi mia tano umo. Akashuka nalo kwa kalamu nyekundu. Kitambaa cha kaki, sawa. Zipu na vifungo, sawa. Mafuta ya cherehani, sawa. Akafika mstari ulioandikwa "mkalimani wa alama, kikao na mwalimu mkuu, 15,000". Akauzungushia duara. Chini yake, "kijana wa kumwongoza mwenyekiti, nauli na chai, 4,000". Duara. Chini yake tena, "bajaji kufuata mzigo, 7,000". Duara, na swali juu yake: "Kwa nini msipande daladala?"

Nikamwonyesha magongo na jora. Akacheka kwa aibu. Duara akaliacha palepale.

Kwenye taarifa tukaandikwa kikundi kilichotumia fedha nje ya andiko la mradi. Jumla ya maduara yote matatu ni shilingi 26,000. Kikao kile na mwalimu mkuu ndicho kilichotupa oda ya sare 60, na aliyetoka nayo ni mwenzetu kiziwi, fundi bora kuliko sisi wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyemsemea akaeleweka. Wiki 11 ambazo milioni sita zilikaa mahali tusipopajua, hizo hazikuzungushiwa duara na mtu.

Hilo ndilo ninalolileta kwenu. Anayepewa anakaguliwa hadi chai aliyomnunulia anayemshika mkono. Anayetoa hakaguliwi na yeyote aliye karibu. Najua yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Katiba imempa kazi hiyo katika ibara ya 143, na ripoti zake zinafika bungeni, na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa inawaita wakurugenzi na kuwatoa jasho. Kazi njema. Lakini ripoti ile inakuja mwaka wa hesabu ukiwa umeshafungwa, inasomwa Dodoma, na huku mtaani tunasikia vipande redioni. Haiwezi kunisaidia mimi mwezi wa kwanza, wakati nahitaji kujua fedha zimekwama kwa nani ili niende nikakae kwenye benchi lake.

Uzuri wa mkopo huu, ukiacha kutokuwa na riba, ni kwamba kikundi kinachagua chenyewe cha kufanya. Hakuna sheria inayosema mlemavu afuge kuku. Lakini nendeni mkasome maandiko yaliyojaa kwenye mafaili. Kuku, kuku, bodaboda, sabuni, kuku. Si kwamba tunapenda kuku hivyo. Andiko la kuku lipo tayari kwenye kompyuta ya steshenari iliyo mkabala na halmashauri, unabadilishiwa jina la kikundi kwa shilingi elfu tano, na linajulikana kuwa linapita. Sisi tulipopeleka la sare tuliulizwa kama hatuwezi kufikiria mifugo. Uhuru wa kuchagua upo kwenye kanuni, ukifika dirishani unageuka banda.

Na andiko hilo la kunakili halina mstari wa gharama ya ulemavu wenyewe. Mtu mwenye miguu miwili akienda kununua kitambaa analipa nauli. Mimi nalipa nauli na mbebaji. Mwenzetu kiziwi hawezi kusaini mkataba anaouelewa bila mkalimani. Mwenzetu mwenye ualbino hakai juani kupanga bidhaa mnadani bila kofia pana na losheni ya kujikinga na jua, na akikaa ngozi inalipa. Kwa mwingine hizo ni anasa. Kwetu ni sehemu ya mtaji kama uzi ulivyo sehemu ya mtaji. Naomba muongozo utamke hivyo waziwazi, kikundi kiweke mstari huo kwenye bajeti tangu mwanzo, na afisa akija akute umeandikwa, aukague kama anavyokagua zipu.

Wenzetu wa nchi tajiri nao hawajapona ugonjwa huu. New Zealand wana fedha ambazo mtu mwenye ulemavu au familia yake huzipangia wenyewe, si mkopo, ni msaada kabisa. Machi 2024 bajeti ya wizara yao ya watu wenye ulemavu ilikuwa inaelekea kupitiliza, ikatangaza ghafla kubana vitu vinavyoruhusiwa kununuliwa, na waziri akazungumzia masaji na kukata nywele. Familia ziliwaka, na mwezi uliofuata jukumu hilo akapewa waziri mwingine. Nilipoisoma habari ile nililiona duara langu jekundu. Hesabu ikiyumba juu, kalamu inashuka chini kutafuta nani alikunywa chai.

Nisiwe mwongo lakini. Kwetu pia kuna uchafu. Wapo wasio na ulemavu wowote wanaomtafuta mmoja wetu, wanamweka mbele awe chambo, wanampa elfu hamsini, na milioni nne wanagawana wao. Siku ya ukaguzi anabebwa kwenye gari, anakalishwa mbele ya duka lisilo lake. Namjua aliyefanyiwa hivyo. Alipodaiwa marejesho ndipo alipojua kumbe yeye ni mwenyekiti. Wapo wenzetu pia waliozila wakijua kwamba ni za serikali, na za serikali, kama wanavyosema, hazina mwenyewe. Na wanasiasa mnaowaambia watu kwenye kampeni "tumewaletea fedha" bila kulitamka neno mkopo, hapo nanyi mmechangia.

Vikundi hewa ndivyo vilivyotufikisha Aprili 2023, Serikali iliposimamisha mikopo yote ili kupanga utaratibu upya. Ilirudi mwaka wa fedha 2024/25, halmashauri 10 zikianza kwa kupitia benki. Sikatai kwamba palihitaji kusafishwa. Ila kikundi hewa hakikuumia kusimamishwa, hewa haili. Tulioumia ni sisi tuliokuwa tunarejesha na tukisubiri awamu ya pili. Zaidi ya mwaka mzima cherehani ya tatu tuliyoiwekea nafasi ukutani ilibaki kuwa nafasi.

Na kikundi hewa, waheshimiwa, hakikamatwi na Dodoma. Kinakamatwa na bibi anayeuza maandazi jirani na ofisi ya mtaa. Mbandikieni pale karatasi inayosema kwamba katika mtaa huu kikundi fulani cha watu wenye ulemavu kimepewa milioni nne kwa duka la vipodozi. Kabla maandazi hayajaisha atakuwa ameshauliza, duka gani?

Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba, kila robo mwaka, kwenye kila ofisi ya mtaa na kijiji. Iseme halmashauri imekusanya kiasi gani, asilimia mbili yake ni kiasi gani, zilizoingia kweli kwenye akaunti ya mikopo ni kiasi gani. Iseme kikundi gani kimepewa, kwa mradi gani, na kimerejesha kiasi gani. Na iseme tarehe tatu: ya maombi, ya kuidhinishwa, ya pesa kuingia. Nazing'ang'ania hizo tarehe kuliko chochote. Mkurugenzi atakayelazimika kuandika "Agosti, Desemba, Februari" kwenye ukuta wa mtaa, mwaka unaofuata atajitahidi pawe na miezi inayofuatana. Maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki; mfumo unaojua namba yangu ya kitambulisho cha taifa hautashindwa kutoa jedwali la kurasa mbili.

Majina ya watu yasibandikwe, wala aina ya ulemavu wa mtu. Kuna wenye kifafa, kuna wenye maradhi ya akili waliopata nafuu, mtaa hauna haja ya kusoma hayo ukutani. Jina la kikundi na kiasi vinatosha. Na isiishie karatasi: isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, mkalimani akiwepo, la sivyo mtakuwa mmerudia lile gari la matangazo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iliunda kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa, hadi kata na halmashauri. Kwingi zipo kwa jina, zinaitwa Desemba tatu, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, kuja kuvaa fulana. Zipeni faili. Afisa akija kukagua kikundi, aje na mjumbe mmoja wa kamati, aliyetembelea magongo au aliyesoma kwa vidole, asiyehitaji kuelezwa bajaji ni ya nini. Huyo ndiye pia atakayejua upesi kuliko wote nani ni chambo. Na kamati hiyohiyo iwe na haki ya kuuliza juu, si kukagua chini tu: iitwe fedha zinapotengwa, ione akaunti, isaini kwamba imeona.

Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi kwa wananchi. Robo iliyopita tulikwenda watatu kusikiliza taarifa ya mikopo. Ukumbi wa halmashauri yetu uko ghorofani. Ngazi ni 24, nilipata muda wa kutosha wa kuzihesabu. Mwenzetu wa baiskeli alibaki chini, kwenye kivuli cha mwarobaini, pamoja na madereva. Nilipofika juu na mwenyekiti akiwa ameshika bega langu, taarifa ya mikopo ilikuwa imeshasomwa. Nikamuuliza bwana aliyekaa jirani ilisemaje. Akasema, "Mikopo inaendelea vizuri."

Robo ijayo tutakuja wote sita na mkalimani wetu. Tumeshamlipa, imo kwenye daftari. Pale chini, nyuma ya jengo, pana ukumbi wa chakula wenye mlango mpana na sakafu iliyo sawa na uwanja. Tunaomba kikao kifanyikie hapo.

Wenu,
Katibu wa kikundi, fundi cherehani